Lengelenge: Litobolewe au Liachwe?

Barua za safari hii zimetoka Nakuru hadi Busia mpakani, na karibu zote zinauliza kuhusu miguu. Wanaopanda milima ya volkeno ya Menengai na Longonot wanalalamika, wanaokimbia alfajiri Kisumu wanalalamika, na yuko mzee mmoja ambaye barua yake tungependa ingetufikia mapema zaidi. Tumezifupisha.

Hamjambo wahariri. Nimenunua raba mpya za kukimbilia, saizi yangu ya siku zote, 42. Kila nikitoka Milimani nikapanda njia ya Menengai na kurudi, napata lengelenge nyuma ya kisigino cha kulia. Mguu wa kushoto hauna neno. Muuzaji aliniambia zitalainika. Nivumilie?
Mkimbiaji, Nakuru

Usivumilie, ndugu. Kiatu cha ngozi hulainika. Raba ya kukimbilia hailainiki kiasi hicho, na ikikuumiza wiki ya kwanza huenda ikakuumiza mpaka soli iishe.

Wengi hudhani lengelenge ni ngozi iliyosuguliwa juu, kama mbao chini ya msasa. Msasa huleta mchubuko. Lengelenge ni jambo lingine, na unaweza kuliona hapo ulipokaa: bonyeza ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wako wa pili, kisha kisukume mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inafuata kidole, mfupa ulio chini umebaki. Ndani ya kiatu mambo hugeuka: ngozi ya kisigino imenata kwenye soksi, soksi imenata kwenye kiatu, na mfupa ndio unaopanda na kushuka kila hatua. Tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku mara maelfu mpaka zinaachana, na pengo lile hujaa maji yanayochujika kutoka chini ndani ya saa chache. Ndiyo sababu ngozi ya juu ya lengelenge mara nyingi huwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini mfupa wa kisigino chako cha kulia unacheza kuliko wa kushoto. Miguu miwili ya mtu mmoja haikosi kutofautiana. Huenda wa kulia ni mdogo, na kiatu kilichoukaa vizuri wa kushoto kinauachia nafasi ya kuinuka, hasa unapopanda kuelekea ukingo wa Menengai ambako kila hatua kisigino hutaka kutoka. Nambari 42 nayo haisemi mengi, kwa sababu 42 ya kiwanda hiki siyo 42 ya kile.

Kabla ya kununua kingine, jaribu kamba. Viatu vingi vya kukimbilia vina tundu la ziada juu kabisa, lililokaa nyuma kidogo ya mengine, na watu wengi hawalitumii. Funga kamba kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Kamba ikishatokeza nje, iingize katika tundu la juu la upande uleule, kutoka nje kwenda ndani, na usiivute yote. Bakiza kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Pitisha ncha ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto. Sasa vuta kuelekea chini, upande wa kisigino, wala siyo kuelekea juu, halafu funga fundo. Kisigino kitashikwa bila vidole kubanwa. Kama hata hapo kinainuka, kiatu si chako.

Ukienda kununua kingine, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, vaa soksi utakazokimbia nazo, simama, na uache upana wa kidole gumba, kama sentimita 1 hadi 1.5, mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa baadhi ya watu ni cha pili). Pima kwa mguu ulio mkubwa. Ule mdogo utautunza kwa kamba au kwa kitambaa chembamba cha ziada chini ya unyayo. Kwa mtumba, ingiza vidole ndani ya sehemu ya kisigino upapase. Bitana ikiwa imechanika au ikiwa na shimo dogo la mfupa wa mwenye kiatu wa kwanza, kirudishe kwenye rundo hata kama bei ni ya kutupa.

Mimi hukimbia Kisumu, kutoka mjini kuelekea kilima cha Riat. Nikimaliza soksi unaweza kuzikamua. Rafiki yangu anapaka vaselini, mwingine anamimina poda ya mtoto. Yupi yuko sawa?
Dada wa mbio, Kisumu

Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na jasho halikauki kama la Nakuru iliyo juu kwa zaidi ya mita 700. Ngozi kavu kabisa huteleza. Ngozi yenye unyevunyevu ndiyo hunata. Hapo ndipo malengelenge huzaliwa.

Anza na soksi kabla ya kufikiria cha kupaka. Soksi za pamba, zile nyeupe zinazouzwa tatu kwa mia, hunywa jasho na kulikalia. Zikilowa hulegea, zinajikunja, na mkunjo mmoja chini ya unyayo unatosha kukuharibia asubuhi. Tafuta za poliesta, nailoni, akriliki au sufu laini. Wengi hufaulu kwa kuvaa mbili: ya ndani nyembamba na laini ya nailoni, ya nje nene kidogo. Mtelezo unahamia kati ya soksi na soksi, na ngozi inaachwa ikae kimya. Hakikisha tu kiatu kina nafasi ya kuzipokea zote mbili, la sivyo umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Vaselini hufanya kazi, ila muda wake ni mfupi. Kwa saa moja hivi ya mwanzo ngozi huteleza vizuri. Baada ya hapo mafuta yanaingia kwenye soksi, ngozi inalainika, na mnato unaweza kuzidi hata ule wa mwanzo. Kwa mbio za kilomita 10 inafaa. Kwa 21 au 42, beba kidogo kwenye kikopo upake tena njiani, au usiitegemee. Poda ina tabu nyingine: ikilowa jasho inakuwa madonge, na donge kati ya vidole ni sawa na changarawe.

Kuna waliojaribu kuzuia jasho lenyewe. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Marekani waliopakwa miguuni dawa ya kuzuia jasho yenye asilimia 20 ya kloridi ya alumini, kisha wakatembezwa kilomita 21. Waliopata malengelenge walikuwa asilimia 21, dhidi ya 48 ya wale waliopakwa dawa isiyo na kitu. Kabla hujakimbilia duka la dawa, soma upande wa pili: zaidi ya nusu ya waliotumia dawa hiyo halisi waliwashwa na ngozi ikawachoma. Kwa mguu unaokauka vizuri nyumbani, hatuoni haja.

Jambo moja la bure: ukihisi sehemu imeanza kuwaka, mahali padogo pa joto kama pameguswa na kikombe cha chai, simama hapohapo. Usingoje ufike kileleni Riat. Vua kiatu, kung'uta, nyoosha soksi, pafute pakauke, bandika plasta, funga kamba upya. Dakika tatu. Ukipuuza, kuna wiki nzima ya kuchechemea.

Longonot iliniua vidole. Kupanda hakukuwa na shida, lakini niliposhuka, ncha za vidole zilijaa maji na ukucha mmoja ukawa mweusi.
Msomaji, Naivasha

Mahali pa lengelenge hukuambia kosa. Nyuma ya kisigino: kiatu kinainuka. Ncha za vidole: unateleza mbele. Kati ya vidole: kiatu chembamba mbele, au ukucha wa jirani. Chini ya unyayo: soksi iliyojikunja, au mguu unaoteleza kwa sababu kamba zimelegea.

Longonot ina kilomita 3 hivi kutoka lango la chini hadi ukingo, na zaidi ya 7 ukiuzunguka wote, na njia yake ni vumbi la volkeno linaloteleza kama unga. Unaposhuka, mguu unasukumwa mbele maelfu ya mara. Funga kamba upya kileleni kabla ya kushuka, ukikaza sehemu ya juu ya mguu na kuacha ya vidole ikiwa legevu. Kata kucha siku mbili kabla, moja kwa moja bila kuzungusha pembeni, kisha zisugue kwa tupa zisiwe na makali. Vumbi lile pia huingia juu ya kiatu, kwa hiyo kunja mdomo wa soksi ya nje uufunike ukingo wa kiatu, na umwage kiatu kila unapopumzika. Ukucha mweusi usioumia uache. Utajiondokea wenyewe mpya ukikua. Ukiwa unapwita usiku kucha, muone mhudumu wa afya aitoe damu iliyobanwa.

Tafadhali nisaidieni tumalize ubishi. Baada ya matembezi ya kilima cha Lirhanda tulikuwa watatu wenye malengelenge. Mmoja alisema litobolewe na upitishwe uzi, mwingine akasema paka GV, ile dawa ya zambarau, mimi nikasema liachwe.
Kakamega

Wewe umepata, lakini si kwa kila lengelenge.

Lengelenge dogo, lisiloumia, lililo mahali pasipokanyagwa, liachwe. Ngozi ile ya juu ni bandeji ambayo hakuna duka linaiuza, safi ndani, iliyokatwa kwa kipimo chako. Maji yatanyonywa polepole na ngozi mpya itajengeka chini. Tabaka jipya huanza kuonekana baada ya siku mbili hivi, na baada ya siku tano hivi ngozi huwa imejifunika.

Lililojaa likakaza, linalouma, au lililo chini ya unyayo ambako kila hatua italipasua lenyewe vibaya, hilo ni afadhali ulitoboe mwenyewe kwa utaratibu kuliko lipasukie ndani ya soksi chafu. Utaratibu ndio huu.

Nawa mikono kwa sabuni, osha na mguu, kausha. Tumia sindano mpya ya hospitali iliyo kwenye pakiti yake, ile ya kichwa cha kijani au cha buluu. Duka la dawa halitakutoza nyingi. Ya kushonea ikiwa ndiyo iliyopo, ichemshe au ipanguse kwa spiriti. Kuichoma kwa kiberiti huacha masizi, na masizi hayo huingia ndani. Pangusa lengelenge na ngozi inayolizunguka kwa spiriti, uache ikauke. Laza sindano karibu sambamba na ngozi, utoboe pembeni kabisa, upande wa chini ambako maji yatatiririka yenyewe, matundu mawili au matatu. Tundu moja hujifunga upesi. Usitoboe katikati juu, na usichome wima ukafika nyama. Bonyeza taratibu kwa shashi safi mpaka ngozi ilale. Hapa ndipo wengi huharibu: usiibandue ngozi hiyo. Ipake vaselini kidogo, funika kwa shashi isiyonata, kisha plasta. Badilisha kila siku, na kila inapolowa. Likijaa tena ndani ya siku ya kwanza, ambalo ni jambo la kawaida, rudia.

Ukilazimika kutembea nalo, kata kipande cha sponji au feliti cha unene wa milimita 3 hadi 5, utoboe tundu katikati lililo pana kidogo kuliko lengelenge, ukibandike kama kitumbua chenye shimo. Uzito utabebwa na ukingo, wala hautalifikia lengelenge.

Uzi sasa. Hoja yake ni kwamba utaendelea kuyanyonya maji nje. Ni kweli, na bakteria nao watapanda njia ileile kurudi ndani. Uacheni. GV haitakudhuru sana, ila zambarau yake hufunika wekundu, na wekundu unaotambaa ndio dalili ya kwanza kwamba uchafu umeingia. Spiriti na peroksaidi ni za ngozi nzima. Ukizimimina juu ya nyama mbichi huumiza seli zinazojenga. Mafuta ya taa, majivu na dawa ya meno hatutayajadili.

Lengelenge la damu usilitoboe. Lililokwisha kupasuka lenyewe lioshe kwa maji safi na sabuni, punguza kwa mkasi safi vile vipande vilivyokufa vinavyoning'inia tu, kisha vaselini na shashi kama hapo juu. Nenda zahanati ukiona usaha badala ya maji angavu, wekundu na joto vinavyopanuka, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mitoki kwenye kinena, au homa.

Tuko wanne, tutapanda Elgon kupitia lango la Chorlim, siku tatu hadi kilele cha Koitobos. Miguu tuiandae vipi, na tubebe nini?
Kitale

Viatu kwanza: kama ni vipya, havifai safari hii isipokuwa mmeshavivaa. Vivaeni nyumbani jioni kadhaa, kisha kilomita 3, kisha 5, kisha 10 mkiwa na mizigo mgongoni, maana mzigo hupanua mguu. Ngozi nayo hujifunza. Inayoongezewa mwendo kidogo kidogo huwa imara, inayoshtukizwa hupasuka. Sugu nene zisugueni kwa jiwe mguu ukiwa umelowa, zibaki nyembamba. Lengelenge likizaliwa chini ya sugu, kulifikia kwa sindano ni mateso.

Elgon ni tope chini na baridi juu. Koitobos inazidi mita 4,200. Baadhi ya wenyeji watawashauri gambuti kwa ajili ya msituni. Zinazuia tope kweli, ila zinacheza mguuni na hazipumui, kwa hiyo anayezichagua avae soksi mbili na azibadilishe mchana.

Plasta ya karatasi, ile nyeupe ya hospitali ya upana wa sentimita 2.5, ndiyo tungeibeba hata kama tungenyimwa vingine vyote. Mwaka 2016 yalitolewa majaribio kwa wakimbiaji wa mbio za siku nyingi, kilomita 250 hivi, na sehemu zilizobandikwa plasta hiyo zilipungukiwa malengelenge kwa asilimia 40 hivi. Ni rahisi, na gundi yake hafifu ndiyo uzuri wake, kwani haing'oi ngozi ikitolewa. Bandikeni asubuhi juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta, pale ambapo kila mmoja anajua humuuma. Kateni pembe ziwe za mviringo zisijikunje, msiache hata mkunjo mmoja. Juu ya lengelenge lililokwisha kutokea wekeni shashi kwanza.

Kwa wanne: roli mbili za plasta hiyo, sindano sita katika pakiti zake, vitambaa vya spiriti kama ishirini, shashi zisizonata kumi, kikopo kidogo cha vaselini, mkasi, kipande cha sponji. Kila mtu jozi tatu za soksi za kutembea na moja ya kulalia ambayo haiguswi mchana hata mvua ikinyesha vipi. Iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Na ndala za kambini. Kila pumziko la chakula, viatu nje dakika kumi, miguu ipigwe upepo.

Nina umri wa miaka 63, nina sukari. Natembea kila asubuhi kama nilivyoshauriwa. Nimeona lengelenge chini ya kidole gumba, silisikii kuuma. Nilitoboe?
Mzee, Vihiga

Hapana, mzee wetu. Kutouma ndiko kunakotutia wasiwasi: sukari huweza kufisha hisia za mguu na kupunguza damu inayoufikia, na kidonda kidogo kikageuka kikubwa bila wewe kujua. Lifunike kwa shashi safi, usilikanyagie, na uende kliniki yako ya sukari leo, usingoje tarehe ya kadi. Likishapona, kagua nyayo kila jioni, ukitumia kioo kama kuinama ni shida, na upapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Mwanangu hucheza mpira pekupeku. Ana uvimbe mdogo kando ya ukucha, mweupe, una nukta nyeusi katikati, na anajikuna. Nimemnunulia viatu nikidhani ni lengelenge.
Mama, Busia

Viatu ni vyema, mama, lakini hilo ni funza. Lengelenge huwa na maji angavu, halina nukta, na hukaa panaposuguliwa. Funza hupenda kando ya kucha, visigino na nyayo, na ile nukta nyeusi ni sehemu ya nyuma ya mdudu anakopumulia na kutagia mayai. Msimtoboe kwa pini, hasa ile inayozunguka nyumba nzima, kwani pini moja kwa watu wengi hupitisha magonjwa ya damu, na kidonda cha funza ni mlango wa pepopunda. Mpeleke zahanati au muulize mhudumu wa afya wa kijiji kuhusu dawa ya kupaka, na uulize kama chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Kama sakafu ni ya udongo, inyunyizie maji kabla ya kufagia, na wakague ndugu zake wote jioni hii.